Msongo wa Mlezi Una Saa Yake: Mwongozo Kamili kwa Anayemlea Mtoto Mwenye Usonji Anayeumizwa na Sauti, Nguo na Mwanga

Kwa miaka miwili kila nilipoulizwa hali nilijibu, "Nimechoka tu." Niliamka nimechoka, nikalala nimechoka, nikaamini uchovu wangu ni kitu kimoja kikubwa kisicho na mwanzo wala mwisho. Siku moja kliniki nesi aliniambia, "Mama, jitahidi upumzike." Nilitoka pale machozi yananilengalenga. Nipumzike saa ngapi? Mtoto nimwachie nani?

Kilichonifungulia njia ni daftari la shule. Niliandika siku zangu kwa wiki mbili, nikagundua kwamba sichoki saa zote kwa kiwango kimoja. Nilikuwa navunjika saa 11:30 alfajiri tukivaa sare, saa 12:40 tukiwa kwenye daladala, saa 10 jioni akirudi shuleni, na saa 3 usiku akigoma kulala. Na katika kila saa hizo palikuwa na kitu kinachomuumiza mwanangu: kola, honi, harufu ya mafuta ya kukaangia, joto la shuka. Msongo wangu ulikuwa umekaa juu ya maumivu yake. Ndiyo maana ushauri wa kupumzika haukunishika. Ulikuwa unaanzia mwisho.

Mwongozo huu ni kwa mama, baba, bibi, shangazi, dada wa kazi, yeyote anayeshinda na mtoto wa namna hii. Utahitaji daftari, kalamu, na kama miezi mitatu ya uvumilivu.

Kabla ya hatua: hilo si deko

Tulifundishwa shuleni kuwa binadamu ana milango mitano ya fahamu. Wataalamu huongeza mingine: hisia ya mizani inayotujulisha kama tumesimama au tunazunguka, hisia ya misuli na viungo inayotujulisha mkono uko wapi na unakandamiza kiasi gani, na hisia za ndani kama njaa, kiu na haja. Kwa watoto wengi wenye usonji (kwa Kiingereza, autism), baadhi ya milango hiyo iko wazi mno na mingine imefungwa nusu. Mtoto huyohuyo anayeziba masikio mashine ya kusagia ikiwashwa anaweza kujigonga ukutani bila kulia. Wangu haoni baridi ya maji ya alfajiri, lakini lebo ya shati humchoma kama mwiba.

Mwaka 2013 Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kilipotoa toleo la tano la mwongozo wake wa utambuzi, tofauti hizi za hisia ziliingizwa rasmi miongoni mwa dalili za usonji. Kwa hiyo jirani akisema "huyo amedekezwa", jua kwamba jambo analoliita deko limeandikwa kwenye vitabu vya madaktari. Deko hutafuta mtazamaji, na mtoto akipata anachotaka hunyamaza. Mlipuko wa hisia hauna habari na mtazamaji. Hata ukimpa kila kitu, utaendelea mpaka mwili utulie wenyewe.

Hatua ya 1: Daftari la safu mbili

Gawa ukurasa katikati. Kushoto andika mtoto, kulia andika wewe. Walezi wengi huambiwa waandike ya mtoto pekee, na hapo ndipo mlezi anapopotea. Mfano wa kwangu:

*Saa 11:30 alfajiri. Yeye: sare, anavuta kola, analia, amenipiga kifuani. Mimi: mabega juu, taya limekaza, nimempigia kelele. 8.*

*Saa 10:15 jioni. Yeye: ametoka shule, amejifungia chini ya meza, nimewasha redio akapiga mayowe. Mimi: moyo unakwenda mbio, nataka kulia. 7.*

Namba ya mwisho ni mzigo wako, kutoka 0 mpaka 10. Usiifikirie sana, andika inayokujia kwanza. Maneno matano yanatosha. Ukikosa muda, jirekodi sauti kwenye simu uandike mtoto akilala. Fanya hivyo siku kumi hadi kumi na nne, na wikiendi zihesabiwe, kwa sababu Jumamosi yenye harusi mtaani na vipaza sauti ni siku tofauti kabisa na Jumanne.

Kisha zungushia saa tatu zenye namba kubwa. Tatu tu. Kwa kila moja rudi nyuma saa moja au mbili uone kilichotangulia. Haba na haba hujaza kibaba: mtoto halipuki kwa sababu kijiko kimeanguka, amelipuka kwa sababu tangu asubuhi amebeba honi, jua, mwanafunzi aliyemgusa begani na harufu ya choo cha shule, kisha kijiko kikaanguka. Mimi nilikuwa nikihangaika na kijiko.

Hatua ya 2: Punguza mzigo kwenye saa hizo tatu

Shughulikia saa moja kwa wiki mbili kabla ya kugusa nyingine. Ukibadilisha mambo matano kwa pamoja hutajua lipi limesaidia, na mtoto atashtuka zaidi.

Nianze na nguo, maana ndipo asubuhi nyingi zinapoharibika. Sare mpya ifue mara nne au tano kabla haijavaliwa. Kata lebo mpaka kwenye mshono, usiache kisiki, kisiki kinachoma kuliko lebo yenyewe. Soksi zigeuze nje ndani ili mshono usikae kwenye vidole. Fulana laini ya pamba ivaliwe chini ya shati. Mpelekee fundi cherehani shati umwombe atoe kitambaa kigumu kilichomo ndani ya kola, ni kazi ya dakika chache. Halafu zungumza na mwalimu. Wa kwetu alikubali mtoto avae fulana ya michezo siku tatu kwa wiki, na mimi niliyekuwa nimeogopa kuomba kwa mwaka mzima nilirudi nyumbani nikijilaumu kwa kuchelewa.

Jambo la pili ni kazi nzito kabla ya wakati mgumu. Mtaalamu wa Marekani, A. Jean Ayres, aliyeanzisha nadharia ya uunganishaji wa hisia na kuiandikia kitabu mwaka 1972, alitilia mkazo misuli, viungo na mizani kama njia za kuutuliza na kuupanga mfumo wa fahamu. Katika kliniki za mbali hutumia bembea na mito ya gharama. Nyumba ya Kiswahili imejaa kazi za namna hiyo: kubeba kidumu kidogo cha maji, kukanda unga wa chapati, kutwanga kisamvu, kukamua nguo zilizofuliwa, kusukuma ukuta kwa viganja vyote viwili. Mwanangu hubeba vidumu viwili vya lita tatu kutoka bombani mpaka jikoni ndipo tunavaa sare. Si adhabu wala ajira ya mtoto, ni dakika kumi, na akikataa tunaacha. Wengine hupenda kufungwa kanga mwilini kwa kubana kiasi. Uso na kifua viwe huru, aweze kujifungua mwenyewe, na asiachwe peke yake wala asilale nayo.

Sauti: vile vifunika masikio wanavyovaa mafundi wa mashine hupatikana kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi na hufanya kazi vizuri. Mzoeshe nyumbani kwanza, dakika chache, pasipo na kelele, ili asivihusishe na hofu. Vivuliwe palipo kimya, kwani sikio linaloishi ndani ya ukimya hushtuka zaidi likitoka. Kwenye daladala tunageuza na gari: tunapanda likirudi kituo cha mwanzo, tunapata siti ya dirishani, naye anakaa mbali na mlango ambako konda anagonga bati. Inatugharimu nauli ya ziada na dakika ishirini. Namba yangu ya saa 12:40 ilishuka kutoka 9 hadi 5.

Kunyoa: acha mashine. Mkasi, nyumbani, kidogo kidogo kwa jioni tatu. Kichwa kitakuwa na mabonde kwa siku mbili na hakuna aliyekufa kwa hilo.

Chakula kina mambo yake marefu. Hapa niseme tu kwamba mtoto anayekula vyakula vinne hawekwi sawa kwa fimbo, na meza isiyo na vita inaokoa mlezi saa nzima ya jioni. Akianza kupungua uzito, au akipungukiwa hata na hivyo vinne, mpeleke hospitali.

Hatua ya 3: Mlipuko ukija

Utakuja, hata ukijipanga vipi. Wakati ule mtoto hasikii maelezo. Punguza maneno mpaka yabaki mawili matatu, "niko hapa", "uko salama". Zima redio, feni yenye mlio, taa. Usimlazimishe akutazame. Ikiwezekana ondoa watu badala ya kumwondoa yeye. Usimshike isipokuwa kuna hatari ya barabara, moto au kujigonga kichwa, na hapo weka kitu laini kati ya kichwa na ukuta.

Na wewe? Pumua nje kwa muda mrefu kuliko unavyovuta ndani. Vuta kwa hesabu ya tatu, toa kwa hesabu ya sita. Shusha mabega. Kaa chini badala ya kusimama juu yake, maana mlezi aliyesimama huonekana mkubwa na mwili wake mwenyewe hubaki tayari kwa vita.

Mbele za watu, uwe na sentensi moja uliyoizoea mpaka inatoka bila kufikiri. Yangu ni hii: "Mwanangu ana usonji, kelele zinamuumiza. Naomba nafasi kidogo, atatulia." Nimeiandika pia kwenye kadi niliyoilaminisha, kwa siku ambazo sauti haitoki. Unaionyesha, basi. Huna deni la kumweleza abiria historia ya mimba yako.

Sasa niseme lile ambalo tunaliona aibu kulisema. Ipo siku mkono utataka kumpiga, au kumtikisa. Ukiusikia mwili wako unapanda hivyo, mweke mtoto mahali salama, sakafuni, mlango wa nje umefungwa, hakuna moto wala maji karibu, kisha toka hatua chache mpaka mlangoni kwa dakika mbili. Au mwite jirani kwa neno mlilokubaliana tangu mapema. Mimi na jirani yangu tuna neno "chumvi". Nikimwambia "naomba chumvi", anakuja kukaa na mtoto, haulizi swali.

Hatua ya 4: Nusu saa ya baada yake

Mtoto akitulia, wengi wetu huinuka mara moja tukaoshe vyombo. Mwili haujui kwamba mambo yamekwisha. Homoni za hatari bado zinazunguka, na vyombo vikiisha unakuta umemfokea mtoto mwingine asiye na kosa. Nawa uso kwa maji baridi. Kunywa maji, glasi nzima. Tembea uani au fua kitu kimoja kwa mikono ili nguvu iliyopanda ipate pa kwenda. Usifanye uamuzi wowote katika nusu saa hiyo, usijibu ujumbe wa shemeji, usimpigie mwalimu.

Na masikio yako nayo ni masikio. Mayowe ya mtoto karibu na sikio kila siku yanachosha mlezi, tena wapo wazazi wenye hisia kali kama watoto wao bila kujijua. Niliona haya kuvaa viziba masikio nikiwa na mwanangu, nikidhani ni kumkimbia. Sasa navaa. Bado namsikia, ila sauti haichomi, na kwa kuwa haichomi nakaa naye muda mrefu zaidi.

Hatua ya 5: Usiku ugawanywe

Watoto wengi wenye usonji hulala kwa shida. Kama mko watu wazima wawili, msiamke wote. Mmoja ashike tangu saa 3 hadi saa 8 usiku, mwingine saa 8 hadi alfajiri, na asiye zamu alale chumba kingine au kwa wifi. Usingizi wa mfululizo unamjenga mtu kuliko uliokatwakatwa. Aliye peke yake atafute usiku mmoja kwa wiki ndugu aje kulala. Mmoja tu, lakini uwe na siku yake inayojulikana.

Kama mtoto wako hutoka nje akikimbia sauti au kufuata kitu anachokipenda, fungia kengele ndogo mlangoni na getini, weka kitasa juu asipofika, funika kisima, pipa na ndoo kubwa. Maji huwavuta wengi wao na huua kimyakimya. Kengele hiyo inamlinda mtoto, na inakuruhusu wewe kufumba macho bila sikio kubaki wazi.

Hatua ya 6: Kujua lini ni zaidi ya uchovu

Uchovu wa kawaida hupungua ukilala. Nenda hospitali kama kwa wiki mbili au zaidi huna furaha na chochote, hulali hata mtoto akilala, huli au unakula bila kikomo, unajiona huna thamani. Nenda leo, usisubiri wiki mbili, kama unawaza kufa au kumdhuru mtoto. Mwambie daktari kwa maneno hayohayo, usiseme "kichwa kinauma". Hospitali za rufaa za mikoa zina huduma ya afya ya akili. Dar es Salaam iko Muhimbili, Nairobi iko Mathari. Namba 116 ni ya huduma ya simu kwa mtoto, hupigwa bure Tanzania na Kenya, na mzazi aliyeelemewa anaruhusiwa kuipiga.

Hatua ya 7: Kukabidhi

Hapa ndipo nilipokwama muda mrefu kuliko penginepo. Nilisema hakuna anayemweza mwanangu isipokuwa mimi, na ilikuwa kweli, kwa sababu sikuwa nimemfundisha mtu. Kila nilichokijua kilikaa kichwani mwangu. Siku nilipolazwa na malaria mama mkwe alikaa naye siku mbili, akamlazimisha kuvaa suruali ya kitambaa kigumu na kumwashia televisheni kwa sauti kubwa amchangamshe. Alikuwa na nia njema kabisa. Nilimkuta mama wa watu analia kuliko mtoto.

Chukua ukurasa mmoja, si zaidi, uandike: vitu vinavyomuumiza, vitu vinavyomtuliza, dalili kwamba anaelekea kulipuka (wangu huanza kutembea kwa ncha za vidole na kuvuma kama nyuki), la kufanya, lisilofanywa kamwe, chakula anachokula na sahani yake, namba zako za simu. Kama atakayekaa naye hasomi, mpe kwa mdomo na kwa vitendo, mara tatu.

Halafu kabidhi kwa ngazi. Wiki ya kwanza mlezi mpya akae naye dakika kumi na tano wewe ukiwa chumba cha pili, mlango wazi. Wiki ya pili nusu saa, wewe uko uani. Wiki ya tatu nenda dukani urudi. Wiki ya nne saa mbili. Rudi kwa saa uliyosema, hata kama mambo yanakwenda vizuri, ili mtoto na mlezi wote wawili wakuamini. Mlipuko ukitokea usimnyang'anye mtoto mikononi mwa mwenzako. Kaa pembeni, mwongoze kwa sauti ya chini. Ukimnyang'anya hatarudi tena, naye mtoto atajifunza kwamba usalama uko kwa mtu mmoja tu.

Akina baba, ukurasa huu ni wenu pia. Kutafuta fedha za matibabu ni kazi, lakini mtoto anahitaji mtu wa pili anayejua kwamba soksi hugeuzwa.

Saa ya kwanza ukiwa huru usiitumie kwa kazi za nyumbani. Mimi nilikaa kwenye benchi la kituo cha basi nikala mhogo wa kukaanga, nikatazama watu wakipita.

Hatua ya 8: Maneno ya watu, na msaada ulipo

Utaambiwa amerogwa, ni mizimu, ulikula nini ulipokuwa mjamzito, umemzoesha simu. Kulaumu mama si kwetu tu. Huko Marekani na Ulaya, kuanzia miaka ya 1940, madaktari waliandika kwamba usonji hutokana na akina mama wenye moyo wa baridi. Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyekuwa mwenyewe baba wa mtoto mwenye usonji, aliipinga hoja hiyo kwa kitabu mwaka 1964, na sayansi ikathibitisha kwamba hitilafu hiyo ya malezi haikuwahi kuwepo. Usonji unahusu jinsi ubongo unavyokua. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa mwaka 2021 takriban mtu mmoja kati ya 127 alikuwa nao. Mtaani kwako hauko peke yako, ila wengine wamefungiwa ndani.

Kwa ndugu wanaosikia, mpe kila mmoja kazi moja yenye jina: wifi anapeleka kliniki Alhamisi, mjomba analipa nauli. Ukisema "naomba mnisaidie" hakuna anayejua aanzie wapi. Kwa wasiosikia, punguza ziara.

Ukiwa hospitali omba rufaa kwa mtaalamu wa tiba kwa vitendo, ndiye anayeshughulika na hisia. Chuo cha KCMC, Moshi, kimefundisha wataalamu hao. Nenda na daftari lako, litafanya dakika zake ishirini zizae matunda. Zipo pia shule za umma zenye kitengo cha usonji, kama Msimbazi Mseto Dar es Salaam na City Primary Nairobi, na langoni mwa shule kama hizo ndipo utakapowapata wazazi wenzako. Uliza vilevile kama eneo lako lina mafunzo ya walezi yaliyotayarishwa na Shirika la Afya Duniani kwa familia zenye watoto wa miaka 2 hadi 9: vikao tisa vya kikundi na ziara tatu za nyumbani, na ustawi wa mlezi mwenyewe umo ndani yake.

Kila baada ya miezi mitatu

Rudia daftari kwa wiki moja. Mtoto anakua, hisia hubadilika, kilichomtuliza mwaka jana leo kinamuudhi. Kwangu saa 11:30 alfajiri sasa ni 3. Daladala ni 5, na mvua ikinyesha inarudi 7. Saa 3 usiku bado ni 8, haijashuka hata kidogo. Juzi nimeng'amua kwamba taa ya jirani hupenya dirishani na kumulika kitanda chake. Jumamosi ninakwenda kununua kitambaa kizito cha pazia.